Sensa ya throto ikisumbua: namna ya kuipima, kuisafisha na kuibadilisha ukiwa nyumbani

Gari linasita ukikanyaga mafuta, sailensi (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta) inapanda na kushuka yenyewe, taa ya injini imewaka kwenye dashibodi. Wengi wakifika hapo hukimbilia kununua sensa ya throto, na mara nyingi pesa hiyo hupotea bure. Sensa inakuwa nzima. Kibovu ni soketi iliyoingia maji, waya uliokatikia ndani ya ganda lake, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi) isiyoshika, au masizi yaliyoganda kwenye kipepeo. Yote hayo yanapimika nyumbani kwa mita ya kawaida, na usinunue kipuri chochote kabla mita haijasema.

Kinachofanyika ndani

Throto ni lango la hewa ya injini. Ndani yake kuna bamba la duara, kipepeo, linalozunguka kwenye shafti unapokanyaga mafuta. Sensa hufungwa kwenye ncha ya shafti hiyo na kuiarifu kompyuta ya injini kipepeo kimefunguka kiasi gani. Kompyuta hutegemea taarifa hiyo, pamoja na za sensa nyingine, kuamua kiasi cha petroli na wakati wa cheche, na kwenye giaboksi nyingi za otomatiki, wakati wa kubadilisha gia. Kwa hiyo usishangae sensa hii ikiharibika na gia zikaanza kuingia kwa kishindo au kuchelewa.

Sensa ya kawaida ina waya tatu. Mmoja huleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta. Wa pili ni ethi ya sensa, nayo hurudi kwenye kompyuta, haifungwi kwenye bodi ya gari iliyo karibu. Wa tatu hubeba ishara. Ndani kuna njia ya kaboni na kijimkono kinachoteleza juu yake, kama kitufe cha sauti cha redio ya zamani, na huchakaa vilevile: pale panaposuguliwa sana ndipo panapoanza kukwaruza. Kwenye gari pahali hapo ni mwanzoni mwa njia, kipepeo kikiwa kimefungwa au kimefunguka kidogo, maana injini hushinda hapo muda mwingi kuliko kwingine. Ndiyo sababu sensa iliyochakaa husumbua gari likianza kuondoka au likienda mwendo mmoja wa taratibu, kisha ukikanyaga sana linatulia.

Kipepeo kikiwa kimefungwa, ishara huwa kati ya volti 0.4 na 0.9 kwenye magari mengi. Kikifunguka chote, hufika volti 4 hadi 4.7 hivi. Katikati inatakiwa ipande bila kuruka na bila kushuka. Ukielewa aya hii umeelewa kipimo chote kitakachofuata.

Magari mapya hayana kebo kutoka kwenye pedali. Pedali ina sensa zake mbili, throto ina mota ya kuzungusha kipepeo pamoja na sensa mbili za kukisoma, na kompyuta iko katikati. Sensa zimewekwa mbili ili kompyuta ilinganishe. Zikitofautiana, haiamini hata moja na hupunguza nguvu za injini kwa makusudi. Throto ya namna hiyo, yaani throto ya umeme, ina njia zake za kupimwa, nazo ziko mbele.

Dalili, na zinazofanana nazo

Kusita mara tu unapokanyaga mafuta, gari kurukaruka kwenye mwendo usiobadilika, sailensi ya juu isiyoshuka, injini kuzima ukiachia pedali, na mfumo wa kushikilia mwendo kukataa kufanya kazi: zote zinaweza kutoka kwenye sensa hii. Ila kusita huletwa pia na pampu ya mafuta iliyochoka au koili mbovu, na sailensi ya juu mara nyingi ni hewa inayovuja baada ya throto, kupitia gaskiti au hosi iliyopasuka.

Dalili moja huwachanganya wengi: injini inazunguka vizuri na stata lakini haiwaki. Magari mengi yana utaratibu wa kukausha injini iliyojaa petroli. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku unastati, kompyuta hukata petroli. Sasa, sensa iliyokwama juu, ikisema kipepeo kimefunguka chote wakati kimefungwa, huiingiza kompyuta kwenye utaratibu huohuo bila wewe kujua. Utabadilisha pampu na plagi, na gari halitawaka.

Soma misimbo kabla ya kufungua chochote

Misimbo ni namba za hitilafu ambazo kompyuta imehifadhi. Skana ndogo, kifaa cha kuisoma, ya kuchomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, inayosomeka kwa simu, inatosha. Soketi hiyo ni ya lazima kwa magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na kwa ya petroli yaliyouzwa Umoja wa Ulaya kuanzia 2001, na magari mengine mengi ya miaka hiyo yanayo.

P0122 inasema ishara iko chini kuliko inavyoruhusiwa, na P0123 kwamba iko juu mno. Hizi mbili huelekeza kwenye waya, soketi au sensa iliyokufa kabisa. P0121 ni ya hila zaidi: ishara ipo, ila hailingani na kile ambacho kompyuta inakiona kwenye sensa nyingine, kwa hiyo hata hewa inayovuja au throto yenye masizi inaweza kuiwasha. P0124 ni ishara inayokatikakatika. P0222 na P0223 ni chini na juu kwa sensa ya pili ya throto ya umeme. P2135 ni kutolingana kwa sensa mbili za throto, na P2138 ni kutolingana kwa sensa za pedali. Usiichanganye P2138 na za throto. Watu wamenunua throto nzima wakati tatizo liko chini ya mguu wa dereva.

Msimbo hutaja mzunguko wa umeme, hautaji kipuri. P0122 haisemi "nunua sensa", inasema kuna mahali kati ya kompyuta na sensa ambapo volti imepotea. Andika misimbo yote pembeni, pamoja na data iliyohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea kama skana yako inaionyesha, halafu ndipo uifute.

Skana inapoonyesha throto kwa asilimia, usishtuke ukiona 12 hadi 18 wakati hujakanyaga mafuta. Magari mengi huonyesha volti ya ishara kama sehemu ya volti 5. Ishara ya 0.6 ikigawanywa kwa 5 ni asilimia 12, na hapo kipepeo kimefungwa. Kwa sababu hiyohiyo, pedali ikikanyagwa hadi mwisho unaweza kuona 80 na kitu tu, na hakuna ubaya.

Vifaa

Mita ya dijiti yenye uwezo wa kuhifadhi kipimo cha chini na cha juu, au ya mshale kama unayo ya zamani. Kwa kazi hii mshale una faida, kwa kuwa unaona kwa macho unaporuka. Pini mbili nyembamba za kupenyeza nyuma ya soketi. Bisibisi ya nyota inayokaa sawasawa kwenye skrubu, spana ya 8 na ya 10, dawa ya kusafishia throto, dawa ya kusafishia soketi za umeme, kitambaa kisichoacha nyuzi, mswaki laini, na gaskiti mpya ya throto kama utaifungua. Kopo moja la mililita 400 la dawa ya throto litakubakizia.

Fanya kazi injini ikiwa imepoa, gari likiwa mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, na penye hewa ya kutosha, maana dawa hizi hushika moto upesi.

Macho kwanza

Fungua bomba la hewa linalotoka kwenye filta hadi kwenye throto na ulipinde kwa mkono, hasa kwenye mikunjo yake. Nyufa hujificha kwenye mikunjo na kuonekana bomba likinyooshwa tu. Kisha fuata kila hosi ndogo iliyo baada ya throto. Ngumu kama plastiki au iliyolegea kwenye ncha ibadilishe sasa hivi, kabla ya kupima umeme.

Chomoa soketi ya sensa. Tazama pini zake kwa tochi: kijani ni kutu ya shaba, mafuta ya injini ndani ya soketi ni ishara kwamba sili imekufa, na pini iliyopanuka haishiki hata ikionekana safi. Vuta kila waya kwa upole kutoka nyuma ya soketi. Waya unaovutika kama mpira umekatika ndani, ganda pekee ndilo linaloushikilia. Hiki ni kitu cha kawaida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu waya hutetemeka na injini miaka nenda miaka rudi pale pale unapoingia kwenye soketi.

Pulizia dawa ya soketi pande zote mbili, acha ikauke, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, halafu futa msimbo na uendeshe. Sehemu kubwa ya hitilafu za kukatikakatika huishia hapa.

Kupima sensa ya waya tatu

Kipimo hiki ni cha throto ya kebo. Washa swichi bila kustati. Soketi ikiwa imechomolewa, weka mita kwenye volti za moja kwa moja (DC), ncha nyeusi ya mita kwenye hasi ya betri, na kwa ncha nyekundu uguse pini za upande wa waya, moja baada ya nyingine. Moja inatakiwa itoe volti 5, na chochote kati ya 4.8 na 5.2 hakina neno. Ya ethi itasoma sifuri. Ya ishara inaweza kusoma sifuri au karibu 5 kutegemea gari, kwa hiyo isikupe uamuzi wowote hapa. Mchoro wa waya wa gari lako ukiupata, utumie. Rangi za waya hazifanani hata kwa kampuni moja.

Sasa rudisha soketi mahali pake na upenyeze pini nyuma yake, kando ya waya, hadi ziguse chuma. Usitoboe ganda la waya katikati. Tundu hilo huingiza maji, na baada ya miezi waya unaoza kutokea ndani na kukuletea hitilafu mpya.

Pima ethi kwanza: ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa ethi ya sensa, swichi ikiwa imewashwa. Unatafuta volti 0.05 au chini yake. Ukipata 0.2 au 0.3, ethi ina ukinzani, na ishara yote itapanda kwa kiasi hicho hata sensa ikiwa mpya. Hapa ndipo sensa nzima nyingi huhukumiwa kifo.

Kisha hamishia ncha nyekundu kwenye waya wa ishara na nyeusi kwenye ethi ya sensa. Soma volti kipepeo kikiwa kimefungwa. Kifungue polepole kwa kuvuta mkono wa kebo kwenye throto, polepole kiasi cha kuhesabu hadi kumi kabla ya kufika mwisho, na uangalie namba. Kisha kirudishe kwa mwendo uleule. Kwenye robo ya kwanza nenda taratibu zaidi. Namba ikishuka ghafla, ikiruka, au ikisimama mahali wakati mkono unaendelea, njia ya kaboni imekwisha hapo.

Mita ya dijiti husoma kwa vipindi, na mkwaruzo mfupi unaweza kupita bila kuonekana. Bonyeza kitufe cha kuhifadhi kipimo cha chini, zungusha kipepeo toka mwanzo hadi mwisho, na uangalie ilichokamata. Kwa mfano, kipepeo kikiwa kimefungwa unasoma 0.55, lakini mita imehifadhi 0.02 wakati wa kuzungusha: umepata pengo. Bila kuondoa mita, gonga sensa kwa mpini wa bisibisi, tikisa waya, na uipulizie joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Sensa nyingi mbovu hupita kipimo zikiwa baridi na kuanguka zikipata joto.

Kupima kwa ohmu kunawezekana, soketi ikiwa imechomolewa: kati ya pini ya volti 5 na ya ethi utapata kilo-ohmu chache zisizobadilika, na kati ya ishara na ethi thamani inayopanda laini. Hata hivyo volti hueleza zaidi kwa sababu hupima sensa ikiwa kazini. Sensa zisizogusana ndani, zinazosoma sumaku, hazipimwi kwa ohmu kabisa.

Volti zikikosekana

Volti 5 haipo kwenye soketi? Sensa haina kosa. Kwenye magari mengi laini hiyo ya volti 5 hugawiwa sensa kadhaa, kama ya presha ya hewa kwenye manifoldi na ya presha ya gesi ya kiyoyozi. Moja ikipiga shoti, zote hulala. Acha mita kwenye pini ya volti 5, kisha chomoa sensa nyingine moja baada ya nyingine. Volti ikirudi ghafla, uliyoichomoa sasa hivi ndiyo yenye shoti. Ukimaliza zote na volti haijarudi, fuata waya wenyewe kuelekea kwenye kompyuta, ukiangalia hasa pale unapopita karibu na ekzosi au kona ya chuma.

Kama volti 5 na ethi ni nzuri lakini msimbo ni P0122, kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Zima swichi, chomoa soketi, unganisha pini ya volti 5 na ya ishara upande wa waya kwa kipande cha waya chembamba, washa swichi, soma skana. Ikionyesha volti karibu 5, au msimbo ukigeuka kuwa P0123, waya wa ishara na kompyuta ni wazima, sensa ndiyo mbovu. Isipobadilika, tatizo liko kwenye waya wa ishara au kwenye kompyuta. Hakikisha umezitambua pini hizo vizuri. Ukiingiza volti 12 ya betri kwenye mzunguko huu, umeua kompyuta.

Waya uliokatika usiufunge kwa kusokota na tepu. Kata sehemu iliyooza, unganisha kwa risasi ya kuchomelea, uvalishe mpira unaonywea kwa joto, na uache waya ulegee kidogo ili usivutwe na mtikisiko wa injini.

Throto ya umeme

Hapa soketi huwa na pini sita mara nyingi: mbili za mota, moja ya volti 5, moja ya ethi, na mbili za ishara. Onyo moja kabla ya yote: usitie kidole kwenye kipepeo swichi ikiwa imewashwa. Mota hukifunga kwa nguvu ya kuumiza. Wala usikisukume kwa kidole hata swichi ikiwa imezimwa, kwa sababu unazungusha gia ndogo za plastiki kwa kinyume, na hizo hazina vipuri.

Usomaji mzuri unafanyika kwenye skana. Fungua data ya sensa zote mbili za throto, washa swichi bila kustati, mwambie mtu akanyage pedali polepole. Mpangilio hutegemea gari. Kwenye baadhi, ishara moja hupanda huku nyingine inashuka, na jumla yake hubaki karibu na volti 5 wakati wote. Toyota nyingi hupandisha zote mbili: ya kwanza huanza kati ya 0.5 na 1.1, ya pili kati ya 2.1 na 3.1, na hii ya pili hufika kileleni mapema. Tafuta mahali uhusiano wa hizo mbili unapovunjika. Kama zinavunjika pamoja, shuku volti 5 au ethi, kwani hivyo ndivyo vitu zinavyotumia kwa pamoja. Ikivunjika moja peke yake, ni waya wake au sensa yake.

Pedali hupimwa vivyo hivyo. Nayo ina ishara mbili zenye uwiano maalumu, kwa mfano moja nusu ya nyingine. Sensa ya pedali kwa kawaida haifunguliwi. Hubadilishwa pedali nzima, kazi ya nati mbili au tatu na soketi moja.

Ukiona kipepeo cha throto ya umeme kimeachia mwanya mdogo swichi ikiwa imezimwa, usikitafsiri kuwa kimekwama. Springi hukiacha hivyo kwa makusudi ili, umeme wa throto ukikatika, gari liweze kujikokota hadi pembeni. Na sensa za throto ya namna hii zimefungiwa ndani ya kifuniko cha throto. Kwenye magari mengi utanunua throto kamili. Ndiyo maana inalipa kupima waya zake mara mbili.

Kusafisha

Masizi huganda ukingoni mwa kipepeo na kuziba nafasi nyembamba ambayo hewa ya sailensi hupitia. Kompyuta hufidia kwa kuingiza hewa zaidi hadi inafika kikomo chake.

Chomoa nyaya ya hasi ya betri. Fungua bomba la hewa, soketi, na bolti tatu au nne za throto. Kama maji ya rejeta hupita kwenye throto, kwenye hosi mbili nyembamba chini yake, zibane au uwe na chombo cha kuyakinga. Toa throto na ukague gaskiti.

Pulizia dawa kwenye kitambaa, si kwenye throto. Shika throto ikitazama chini ili dawa isitiririkie kwenye shafti na kuingia kwenye sensa. Throto ya kebo unaifungua kwa mkono wake na kufuta ukingo wa kipepeo pande zote mbili, pamoja na ukuta unaokutana nao. Ya umeme, futa panapofikika bila kulazimisha. Mswaki laini unatosha kwa masizi magumu. Sandpaper na kisu hapana.

Throto nyingi zimepakwa utando mweusi kuzunguka kipepeo, unaosaidia kuziba hewa. Dawa kali ya kabureta au ya breki huuyeyusha, na mtu hufurahia kuona chuma king'aavu kumbe ameharibu. Baada ya hapo sailensi hupanda na haishuki tena. Tumia dawa iliyoandikwa kwamba ni salama kwa throto, na ukisha kuona utando mweusi laini usiotoka kwa kitambaa, simama, huo si uchafu.

Kuna skrubu ndogo inayozuia kipepeo kisifunge kabisa, mara nyingi imepakwa rangi au kufunikwa. Iache. Imepangwa kiwandani, na anayeizungusha ili kuongeza sailensi huhamisha pia volti ya kuanzia ya sensa. Kompyuta haijui tena lini mguu umetoka kwenye pedali.

Rudisha throto na gaskiti mpya, kaza bolti kwa msalaba. Za M6 (kipenyo cha milimita 6) kwenye alumini zinahitaji takriban nyutoni-mita (Nm) 8 hadi 10, na kuzidisha huvua nyuzi.

Kubadilisha sensa ya throto ya kebo

Skrubu zake ni mbili, mara nyingi zimepakwa gundi ya nyuzi na vichwa vyake ni laini. Bisibisi isiyokaa vizuri itaving'oa. Bonyeza kwa nguvu kuliko unavyozungusha. Zikigoma, gonga kichwa cha bisibisi kwa nyundo ndogo mara mbili tatu kabla ya kujaribu tena. Kabla ya kuzilegeza, chora alama kwa kitu chenye ncha kali kwenye sensa na bodi ya throto, ujue ilikaa wapi.

Sensa mpya huingia ikiwa imepinda kidogo, kisha unaizungusha dhidi ya springi yake hadi matundu ya skrubu yakutane. Ikiingia bila kuhisi springi ikisukuma, ulimi wa shafti uko upande usio wake, na ukiikaza hivyo kipepeo kitazuiwa au sensa itavunjika. Fungua kipepeo kwa mkono hadi mwisho na ukiachie mara kadhaa kabla ya kukaza. Lazima kirudi chenyewe kwa kishindo kidogo.

Kama matundu ya sensa ni marefu, inarekebishika. Acha skrubu zikiwa zimelegea kidogo, washa swichi, pima ishara kama ulivyofanya awali, na uzungushe sensa taratibu hadi ufikie volti ya kufungwa iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ambayo kwa magari mengi iko karibu na 0.5. Kaza, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza huihamisha. Kwenye sensa za zamani za pini nne kuna swichi ya sailensi ndani: inatakiwa ipitishe umeme kipepeo kikiwa kimefungwa na ikate mara kinapofunguka kidogo tu. Ikikaa imekata wakati wote, injini haijui sailensi ni nini hata volti ziwe nzuri.

Matundu ya duara hayana marekebisho. Volti isipokaa sawa hapo, tafuta kinachozuia kipepeo kufunga, kuanzia kebo iliyokazwa kupita kiasi. Kebo iwe na ulegevu wa milimita chache.

Kuifundisha kompyuta

Baada ya kusafisha au kubadilisha, kompyuta bado inakumbuka throto chafu. Sailensi inaweza kuwa ya juu, mizunguko 1,200 kwa dakika au zaidi, na watu huamini wameharibu kitu. Magari mengi hujirekebisha yenyewe: washa swichi bila kustati kwa nusu dakika, zima kwa nusu dakika, kisha stati na uiache injini ipate joto kamili bila kugusa pedali, kiyoyozi na taa vikiwa vimezimwa. Mengine hudai skana yenye amri ya kurekebisha throto.

Nissan nyingi za throto ya umeme zina utaratibu wa pedali, nao huenda kwa saa ya mkononi. Kwanza, bila kugusa pedali, swichi iwashwe angalau sekunde 2, izimwe angalau sekunde 10, na irudiwe tena hivyo hivyo. Ukizima utasikia throto ikijisogeza. Kisha pasha injini joto na uhakikishe usukani umenyooka, gia iko P au N, na kila kinachotumia umeme kimezimwa. Zima kwa sekunde 10. Washa swichi, subiri sekunde 3, halafu kanyaga na kuachia pedali hadi mwisho mara 5 ndani ya sekunde 5. Subiri sekunde 7. Kanyaga hadi mwisho na ushikilie takriban sekunde 20, mpaka taa ya injini iache kupepesa na iwake moja kwa moja. Achia ndani ya sekunde 3, stati, na uiache sekunde 20. Ikishindikana, kinachokosewa karibu kila mara ni muda au betri dhaifu. Utaratibu huu unataka zaidi ya volti 12.9 injini ikiwa inanguruma.

Ukiwa barabarani kujaribu, chagua njia yenye kuondoka na kusimama kwingi, halafu kipande cha mwendo mmoja, skana ikirekodi ishara ya throto. Msimbo uleule ukirudi baada ya kilomita chache na sensa ni mpya, rudi kwenye ethi na upime tena injini ikiwa ya moto, taa na feni zikiwa zimewashwa. Ethi inayosoma 0.02 asubuhi inaweza kufika 0.3 chini ya mzigo huo, na kwa kawaida dawa yake ni kusugua na kukaza upya nyaya nene ya hasi, kwenye injini na kwenye bodi ya gari.